Nilivyompeleka Bibi Korogwe Akaseme Alichoona

Tangu nirudi hamnipi hata nafasi ya kunawa uso. Huyu ananiuliza kwenye foleni ya uji, yule anagonga mlango wa choo nikiwa ndani. Nami, mnanijua, kila mmoja nimempa habari yake. Mmoja anaamini nilifukuzwa na simba hadi Hale. Mwingine ameambiwa nilikwenda kuposa. Sasa nimechoka kukumbuka nani nilimdanganya nini, kwa hiyo naandika mara moja tu, nyuma ya daftari langu la jiografia. Someni, pokezaneni, mnirudishie kabla mwalimu hajakagua ramani.

Habari za barua ya rufaa, nani aliiandika na ilipigwa mihuri mingapi, naziruka. Mjue hili tu. Baba alifungwa miezi sita kwa kosa la kutopanda ekari ya muhogo iliyoamriwa na serikali. Na muhogo aliupanda! Mimi mwenyewe nilishika jembe mpaka viganja vikatoka malengelenge. Walioumaliza ni mbuzi wa jumbe, siku ya Ijumaa, wakichungwa na Mhando, tarishi wa jumbe, aliyefungua ua kwa mkono wake ili awapitishe njia ya mkato kwenda mtoni. Jumatatu Mhando huyohuyo akaja na daftari kukagua. Akasimama katikati ya vijiti vitupu, akaandika: hapajapandwa.

Waliowaona wale mbuzi hawapungui ishirini. Walipoulizwa barazani kwa jumbe, wote ishirini hawakuona. Mimi na Bibi tulikuwa karibu kuliko wote. Sisi hatukuulizwa, nasi hatukujitokeza.

Rufaa ikapangwa isikilizwe Korogwe mbele ya mzungu, na Baba alikuwa kifungoni hukohuko. Alitakiwa shahidi. Bibi, ndiye mama yake Baba, akasema, "Nitakwenda mimi." Nyumba nzima tukatazamana, maana Bibi ndiye aliyetufundisha kutoona. Tangu tukiwa wadogo, tarishi au askari akitokea njiani, Bibi alikuwa anapitisha kata ya maji na kila mtoto anajaza mdomo. Humezi, hutemi, mpaka mgeni aondoke. Mdomo wenye maji hausemi. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi nilidhani kila nyumba iko hivyo.

Mkata hadi Handeni, kwa miguu na vumbi

Kwetu ni mwendo wa saa moja kutoka Mkata. Tuliondoka asubuhi na furushi la mihogo ya kuchemsha, kibuyu cha maji, na mwavuli ambao Bibi hakuufungua hata mara moja kwa sababu, alisema, utachakaa.

Mnajua bibi na mjukuu ni watani. Mimi ni mume wake tangu nilipozaliwa. Kwa hiyo njia nzima ilikuwa, "Mume wangu, unatembea kama una mimba," nami namjibu, "Mke wangu, ni huo mwavuli unanielemea, tuuoze." Kwa kiguu chetu hicho tulitumia siku mbili kufika Handeni. Lori la kokoto lingeweza kutuchukua, lakini lilitupita kwa kasi mpaka tukawa weupe kama tumemwagiwa unga.

Vumbi halijatulia, akatokea nyapara wa barabara, kofia kichwani na fimbo kwapani. "Mama, mmeliona lori langu? Limepita sasa hivi?"

Bibi, kope zake zikiwa nyeupe kwa vumbi la lori hilohilo, akasema, "Hatukuona, bwana."

Nyapara akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama alama za magurudumu. Akaondoka akitikisa kichwa.

"Bibi," nikasema, "lile ni lori. Halina jumbe."

"Aliuliza akiwa na kofia."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaacha kucheka. Siku tano zilikuwa zimebaki kabla ya rufaa kusikilizwa, na huko mbele kulikuwa na mzungu mwenye kofia kubwa kuliko ile. Nikamwambia, "Mke wangu, lazima tufanye mazoezi."

Handeni, kungoja lori

Lori lililokuwa liende Korogwe lilikuwa la Bwana Hasanali, Mhindi mwenye duka la nguo na mafuta ya taa. Dereva wake, Shabani, alituambia litaondoka "leo hii." Tulingoja leo hiyo kwa siku mbili, tumekaa kibarazani pa duka kama bidhaa ambazo hazijanunuliwa.

Bwana Hasanali alikuwa mtu mwema, ila mdadisi.

"Mama, naenda wapi?"

"Huko," akajibu Bibi.

"Huko wapi?"

"Mbele."

"Mbele ipo nyingi, mama. Korogwe? Tanga? Unapeleka mtoto hospitali?"

"Tunakwenda kutazama."

"Tazama nini?"

"Kutazama tu."

Bwana Hasanali akaingia ndani, akamwambia mama yake kwa Kihindi. Mama mtu akachungulia, akatuletea chai ya maziwa yenye tangawizi na chapati mbili nyembamba kama karatasi. Bibi alikunywa chai, chapati moja akaikunja akaifunga kwenye upindo wa kanga. "Ya baba yako," akasema. Nikamwambia itakuwa ngumu kama kigae. Akasema meno ya baba yako nayajua, niliyaotesha mimi.

Hapo kibarazani ndipo nilipoanza mazoezi. Nikavuta suruali hadi kifuani, nikabana pua, nikasema kama mzungu: "Wewe mama! Wewe nilionaje shamba?" Wateja wakacheka mpaka mmoja akaangusha kibaba cha mafuta. Bibi naye akacheka. Lakini kila nilipomuuliza swali lenyewe, kicheko kilikatika na jibu likatoka lilelile, upesi, bila yeye kufikiri: "Sikuona, bwana." Mara ya kumi, mara ya ishirini. Alikuwa anajaribu kweli, namwona anajaribu, midomo inaanza kutengeneza neno "mbuzi," halafu linatoka jingine.

Siku ya pili sikuweza tena kukaa. Nilikuwa nazunguka lile lori kama mbwa anayenusa, nahesabu magunia, nampigia Shabani makelele. Kama Bibi angesema "sikuona" Korogwe, Baba angebaki ndani hadi baada ya mavuno, na karo yangu ingekwenda na mavuno hayo. Nilifanya mzaha mwingi siku ile. Mnanijua nikiwa na hofu.

Sindeni, kwa mama aliyenihurumia

Tuliondoka, tukafika Sindeni, springi ya lori ikakatika. Shabani akalala chini ya gari na kusema tena lile neno lake: "Leo hii."

Tulipokewa na mama mmoja, Mama Zaina, nyumba yake i karibu na barabara. Alitupa bada la moto, ule ugali wa muhogo, na mlenda, na mimi nilikula hadi nikaona aibu, kisha nikaendelea. Mama Zaina naye akauliza tunakokwenda. Bibi akasema, "Huko." Basi yule mama akawa ananitazama kwa jicho la pembeni. Nilikuwa nje, nabana pua na kuzungumza Kizungu na mbuzi wake. Nilipoingia kuchukua maji nikamsikia anamwambia Bibi kwa sauti ya chini, "Usikate tamaa, mama. Huko Lutindi kwa wamisheni wanawatunza vizuri. Mtoto wa dada yangu alirudi anajua hata kushona." Alidhani napelekwa kwa wagonjwa wa akili! Na Bibi wangu, badala ya kukanusha, akasema, "Tunaomba Mungu."

Nikaamua kulipiza. Na hapa, jamani, nataka mnisome polepole.

Shabani alikuwa na kofia ya jua, ngumu, ya kizungu, aliyoiokota sijui wapi. Nikaivaa. Bibi alikuwa uani peke yake, amekaa kwenye kinu kilicholazwa, anachambua mboga, kanipa mgongo. Nikajificha nyuma ya ua wa mabua ili kofia tu ndiyo ionekane. Nikakaza sauti, si ile ya kuchekesha, nzito. "Wewe! Wenye nyumba hii wako wapi?"

Bibi hakugeuka. Aliteleza kutoka kwenye kinu akapiga magoti, mboga zikamwagika. Mkono wake ukainuka, kidole kikaelekea kwenye kihenge cha mahindi cha Mama Zaina. Akasema kwa sauti ambayo si yake, nyembamba, ya kitoto: "Yumo humo."

Nikavua kofia. "Bibi, ni mimi. Bibi, ni mume wako."

Nilitaka anichape. Badala yake akaanza kuokota mboga, moja moja, na huku anasema, hanitazami. Alikuwa mtoto aliyeng'oka meno ya mbele, mapya hayajaota, wakati wa Wajerumani. Askari walikuja kutafuta watu wa kodi ya kibanda. Baba yake alijificha kihengeni. Wakubwa wote walikuwa wamekimbia, akabaki yeye uani anacheza. Askari akamuuliza wenye nyumba wako wapi. Na yeye alikuwa amefundishwa kuwa mtoto mwema hasemi uongo.

"Nikawaonyesha," akasema Bibi. "Wakamfunga kamba, wakampeleka kujenga reli. Hakurudi. Mama hakunigombeza hata siku moja. Lakini tangu siku ile, akija mwenye kofia, ananijaza maji mdomoni."

Nilimsaidia kuokota. Sikuwa na la kuchekesha, nikatafuta nikakosa.

"Kwa hiyo usidhani siwezi kusema," akasema. "Nilikwisha kusema."

Darajani

Springi ikafungwa kwa mnyororo na kipande cha mti, tukateremka kwenye mashamba ya mkonge, mistari imenyooka mpaka kichwa kinauma. Kabla ya daraja la Ruvu, huo mto wa Korogwe, askari akatusimamisha. Alikuwa anataka vibali vya mahindi, mambo ya Shabani hayo, si yetu.

Bibi akanipa kibuyu bila neno. Nami nikapokea, nikajaza mdomo.

Nisomeni vizuri. Sikulazimishwa. Nina miaka kumi na mitano, nimeanza kuota ndevu (tatu, lakini ni ndevu), nami nilikuwa nimekaa juu ya magunia na mashavu yamevimba kama chura.

Askari akaniona. "Wewe, jina lako nani?"

Nikamtazama.

"Nakuuliza jina!"

"Anaumwa jino, afande," akasema Shabani.

"Yote mawili? Mashavu yote mawili?"

"Ni meno ya shule, afande. Wanasoma sana."

Askari akacheka, akatupungia mkono tupite. Shabani alisimulia kisa hicho mpaka mjini. Mimi niliyatema maji mtoni tukiwa katikati ya daraja, na nilikuwa na hasira, sijui na nani.

Korogwe

Ili kufika bomani ilitupasa kuvuka reli. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, tukangoja. Ilipokwisha, watu wakavuka, Bibi akabaki. Aliinama akagusa chuma kwa kiganja, akakiondoa upesi kwa joto, akagusa tena. Akatazama upande wa Tanga, akatazama upande wa Mombo.

"Mume wangu, unayesoma. Kipande chake ni kipi?"

"Sijui, Bibi."

"Basi hujui kila kitu." Akavuka.

Chumba cha mzungu kilikuwa na picha ya Malkia ukutani, mpya, na ile ya Mfalme ilikuwa bado sakafuni imegeuzwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Mzungu alikuwa na umri wa kaka, mwembamba, masikio mekundu. Pembeni mkalimani wetu, Mwafrika mwenye tai. Mhando tarishi alikuwa kwenye benchi amefunga mikono. Baba akaletwa na fulana ya wafungwa. Alikuwa amekonda. Alipotuona, jamani, hakufurahi. Aliogopa. Akatutikisia kichwa kidogo, maana yake: msiseme.

Nikaitwa mimi kwanza, kwa sababu eti nimesoma.

"Siku ya Ijumaa ulikuwa shambani?" akauliza mkalimani.

"Ndiyo, bwana."

"Uliona mbuzi wanaingia?"

Siku zote hizo nilikuwa namfundisha Bibi jibu hilo. Nilikuwa nimelisema kwa sauti ya mzungu, ya mwanamke, ya mbuzi mwenyewe. Nikafungua mdomo nikasikia, kama mtu mwingine anasema: "Sikuona, bwana."

Mhando akashusha pumzi. Baba akatazama chini, na aibu yenyewe ni kwamba uso wake ulitulia. Nikarudi kwenye benchi. Msinicheke. Au chekeni, lakini kwanza mjiulize ninyi mngesemaje.

Bibi akaitwa. Akasimama wima, kanga kifuani, akasema kabla hajaulizwa: "Nikisema, nani atachukuliwa?"

"Mama, hapa unajibu, huulizi," akasema mkalimani.

"Mwache," akasema mzungu, kumbe Kiswahili anakijua. "Mama, hapana mtu chukuliwa. Sema tu."

"Liandike hilo kwanza."

"Andika nini?"

"Kwamba nikisema, hachukuliwi mtu wa nyumba yangu. Liandike, ndipo niseme."

Mhando akacheka. Mzungu akatabasamu, akachovya kalamu, akaandika mstari. "Tayari, mama."

"Mume wangu," Bibi akaniita, chumba kizima kikashtuka, "nenda kasome kama ndivyo."

Mzungu akalisogeza faili upande wangu bila wasiwasi, kama mtu anayempa mtoto bunduki isiyo na risasi. Nikaenda mezani. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, yamelala kama nyasi za upepo. Nikasoma mara moja. Nikasoma mara ya pili, kwa sababu niliomba Mungu nimekosea. Yalisema: shahidi ni mzee na anaelekea kuchanganyikiwa.

"Ndivyo?" akauliza Bibi.

Ningeweza kusema "ndivyo." Angesema, labda Baba angetoka, na hakuna ambaye angejua. Mzungu alikuwa ananitazama, na sasa masikio yake yalizidi wekundu, kwa maana ameniona nimerudia mstari.

"Sivyo, Bibi," nikasema. "Hakuandika hilo. Ameandika kwamba wewe ni mzee na umechanganyikiwa."

Mkalimani alitazama dari. Baba alisema "Mwanangu!" kwa sauti ya mtu anayeona mtoto amekanyaga nyoka. Nilingoja kofi, au pingu.

Mzungu akaukata ule mstari kwa kalamu, mara mbili, akaandika mwingine chini yake, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Akanisogezea. Hakusema samahani. Nikasoma kwa sauti: "Mama huyu akisema, hapana mtu wa nyumba yake atachukuliwa." Kulikuwa na kosa moja la herufi, sikulitaja. Nami nina mipaka.

"Sasa sikilizeni," akasema Bibi. Akasema. Ua ulifunguliwa na nani, mbuzi walikuwa wangapi, yule beberu mwenye pembe moja alikula kwanza upande gani. Alimwonyesha Mhando kwa kidole, palepale. Alipomaliza, mzungu akanigeukia.

"Na wewe? Bado hukuona?"

"Niliona, bwana. Yote. Hata mimi nilikuwa karibu kuliko yeye."

Kurudi

Baba aliachiwa siku ya tatu. Tulipokutana langoni Bibi akampa ile chapati, na kweli ilikuwa kigae, akaitafuna yote. Alitutazama sana. Akasema, "Mama, nilikuwa nimebakiza miezi minne tu. Ningemaliza."

Lori la kurudi lilikuwa lilelile la Shabani, moja tu. Na juu ya magunia alikuwa amekwisha kukaa Mhando. Hakukuwa na pengine pa kukaa, tukabanana wanne, magoti yanagusana kila lori likiruka. Maili nyingi zikapita hivyo. Mhando ni mwanamume wa miraba minne, lakini pale juu alionekana amesinyaa.

Mwisho akasema, bila kumtazama mtu, "Bibi, jumbe ataniuliza kilichosemwa huko. Nitamwambiaje?"

"Mwambie ulichoona."

"Nikimwambia nilichoona nitafukuzwa kazi."

Bibi alikuwa ameshika ubao wa lori kwa mkono mmoja, anatazama njia.

"Ndiyo," akasema.